Msafiri apewe nywila, seva ifungwe

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, John Gilmore, mmoja wa waasisi wa shirika la kutetea haki za mtandaoni la Electronic Frontier Foundation, alivutana na Verio, kampuni iliyokuwa ikimpa intaneti. Seva yake ya barua pepe ilipokea barua ya yeyote na kuipeleka popote, jambo ambalo Verio ilisema linavunja mkataba. Gilmore alidai huo ni udhibiti wa mawasiliano, tena marafiki zake walioko safarini waliihitaji seva hiyo.

Shida ya wasafiri ilikuwa ya kweli. Kanuni za kutuma barua pepe (SMTP) alizoandika Jon Postel mwaka 1982 hazikumpa mtumaji namna ya kujitambulisha. Seva ilitazama kompyuta iko wapi tu: aliye ofisini barua yake inapita, aliye hotelini ni mgeni. Mafundi wengi wakaiacha wazi kwa wote, na wasambazaji wa barua taka wakaitumia. Walituma barua moja yenye mamia ya anwani, seva ya watu ikabeba mzigo wa kuisambaza, kisha ikaingizwa kwenye orodha nyeusi. Hapo hata ankara na barua halali za ofisi zikakataliwa.

Hata hivyo, Gilmore alikosea, kwa sababu dawa ilikwishapatikana. Mwaka 1998 poti 587 ilitengewa watumiaji wanaokabidhi barua zao, na mwaka 1999 ukatoka utaratibu wa SMTP AUTH, unaomtaka mtumaji ataje jina na nywila.

Kwa hiyo leo hakuna udhuru. Programu kama Postfix humruhusu aliyethibitishwa kutuma popote, na asiyejulikana kuwaandikia wenye akaunti hapo tu. Fundi asiorodheshe mitandao mizima ya nje kuwa ya kuaminika eti kumrahisishia bosi safari. Nywila nayo isikubaliwe kabla mawasiliano hayajasimbwa kwa itifaki ya TLS, maana Wi-Fi ya hoteli ina macho mengi. Na kwa kuwa nywila huibwa, kila akaunti iwekewe kikomo cha barua kwa saa.

Wakuu wa taasisi wadai jaribio lifanywe nje ya ofisi, kwa intaneti ya simu: fundi ajaribu kutuma barua kwa anwani ya nje bila kutoa nywila. Seva ikiipokea, matengenezo yaanze siku hiyohiyo.