Punje za miale hazitiwi kwa kubahatisha

Mama mmoja ameniandikia kuhusu mumewe, ambaye ameambiwa kuwa ana saratani ya tezi dume na kwamba anaweza kutiwa punje za miale. Anauliza: daktari atajuaje pa kuzitia, ilhali haoni ndani?

Swali lako lina uzito, mama, kwani zamani zilitiwa kwa kukadiria. Miaka ya 1970, mjini New York, mgonjwa alipasuliwa tumbo, daktari akadunga sindano kwenye tezi huku akiipapasa kwa mkono. Punje zilirundikana huku, kule kukabaki mapengo, na wengi saratani iliwarudia.

Mnamo 1983, Hans Henrik Holm na wenzake wa Denmark walieleza njia nyingine: kuitazama tezi kwa altrasaundi inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa (niwie radhi ikiwa unasoma haya mezani). Sindano hupitia nyuma ya korodani, zikiongozwa na kibao chenye matundu yaliyopangwa kila milimita 5, na daktari huziona kwenye kioo.

Mbona milimita zinapiganiwa hivyo? Kila punje ni ndogo kuliko ya mchele, na miale ya iodini 125 iliyomo haifiki mbali. Hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake. Tezi imebanwa: kibofu juu, utumbo wa haja kubwa nyuma, na mrija wa mkojo umepita katikati. Punje zikipotoka, palipo pazima huungua na penye ugonjwa husazwa.

Hata ukiona, unaweza kukosea. Sindano hupinda, tezi husogea inapodungwa, kisha huvimba. Punje iliyo peke yake yaweza kuchukuliwa na damu hadi mapafuni, ndiyo maana mara nyingi huunganishwa kwa uzi unaoyeyuka mwilini. Baada ya mwezi hivi, uvimbe ukishapungua, mgonjwa hupigwa picha ya CT ili ijulikane kila punje ilikaa wapi na tezi inapata miale kiasi gani. Muulizeni daktari, bila haya, kama picha hiyo itapigwa.

Na mjukuu? Iodini hiyo hupungua nguvu kwa nusu kila siku 60 hivi. Babu na mtoto waweza kukaa chumba kimoja, ila miezi miwili ya kwanza asimpakate kwa muda mrefu. Binti yenu, kwa kuwa ni mja mzito, naye asiketi karibu naye sana.