Roketi Hupita, Sikio Hubaki

Najua nimepotea muda mrefu, kazi za watu zilinibana. Leo nimerudi na ugomvi, kwa hivyo vuta kiti.

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani hapa Bondeni, kahawa inazunguka, mazungumzo yakafika angani. Kijana mmoja anayesomea uhandisi akasema Kenya iko kwenye ikweta, kwa hivyo pesa zote za mambo ya anga zijenge uwanja wa kurushia roketi. Mzee mmoja akamkata: "Hayo ni ya Wazungu, mwanangu. Sisi yatuhusu nini?" Nikanyamaza kwa heshima ya mzee. Lakini hapa ni kwangu, sinyamazi. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wanadhani safari ya angani ni roketi.

Nianze na mzee. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa muda usiofika saa tano, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Alipolivuka bara la Afrika alisikilizwa kwanza na kituo cha Kano, Nigeria, halafu na kituo cha... Tunguu! Ndiyo, Tunguu ya Unguja, ile unayoipita ukienda Jambiani. Yatuhusu nini? Yalikuwa uani kwetu, mzee wangu.

Kwa nini Unguja? Mawimbi ya redio ya aina ile huenda moja kwa moja, na dunia ni mviringo. Chombo kinakwenda kilomita elfu 28 kwa saa, kwa hivyo kituo kimoja hukipata kwa dakika chache tu, sita au saba hivi, kisha kinazama upande wa pili. Ndiyo maana mradi wa Mercury ulikuwa na vituo 18 kuizunguka dunia, viwili vikiwa meli, na moja ya meli hizo ilikaa huku kwetu Bahari ya Hindi. Lengo lilikuwa mwanaanga asikae kimya zaidi ya dakika kumi hivi.

Kituo cha Unguja hakikuwa hata na rada. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kusema. Kilipokea sauti ya mwanaanga pamoja na telemetria, yaani namba zinazoteremka kwa redio: mapigo ya moyo, pumzi, oksijeni, umeme, joto. Mtaalamu mmoja aliangalia mwili wa mtu, mwingine aliangalia mitambo, kisha taarifa zikatumwa kwa teletaipu hadi Marekani.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ile ya Glenn. Katika mzunguko wa pili, namba moja kwenye telemetria ilisema ngao ya joto imelegea. Kama ni kweli, mtu ataungua akirudi. Vituo vya njiani viliagizwa viitazame namba hiyo, na Glenn akaulizwa kuhusu swichi yake kabla hajaelezwa waziwazi kuna nini. Mwisho ikaamuliwa arudi bila kuziachilia roketi za breki zilizofungwa juu ya ngao, ili mikanda yake iishikilie. Akafika salama. Baadaye ikagundulika ngao ilikuwa nzima, swichi moja tu ilikuwa mbovu.

Umeona? Ile roketi kubwa iliyomrusha ilishamaliza kazi yake ndani ya dakika tano za mwanzo. Saa zote zilizobaki, uhai wa mtu ulikuwa mikononi mwa watu wenye antena na karatasi.

Sisi waandishi wa programu tunalijua hili kwa machungu. Niliwahi kuliandikia duka moja la jumla mfumo wa mauzo. Nikajisifu kwa sura yake nzuri, lakini logi sikuweka hata mstari mmoja. Ukaanguka Jumamosi jioni, watu wamejaa, na mimi nimekodoa macho sijui pa kuanzia. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Telemetria ndiyo daftari la angani.

Sasa wewe kijana wa roketi. Ndugu yangu, roketi zilisharushwa kwetu! Kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini mbele ya Ngomeni karibu na Malindi, setilaiti tisa zilirushwa kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina la Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu. Halafu? Tangu 1988 hakuna setilaiti iliyorushwa pale. Kilichoendelea kufanya kazi ni antena za nchi kavu. Hata Wachina, walipoanza kupeleka watu angani kwa vyombo vya Shenzhou, waliitumia Malindi kuvisikiliza. Roketi ilipita, sikio likabaki.

Na setilaiti yetu Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka California, kwa roketi ya SpaceX. Tulilipa nauli, basi. Nani hununua jahazi zima kwa sababu ana kifurushi kimoja cha kupeleka Dubai?

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi tukae tukijisifu kwamba "tulishiriki". Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mkataba wa kituo cha Unguja ulifungwa mwaka 1960 baina ya Marekani na Uingereza. Mwenye ardhi hakutia saini. Walioongea na chombo walitoka Marekani, na namba zote zilikwenda Marekani. Haishangazi kwamba watu waliingiwa na wasiwasi, wengine wakasema ni kituo cha makombora. Hawakuwa wajinga, hawakuonyeshwa kilichomo ndani. Yakaja mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ikataka kiondolewe, na kazi ikahamia Madagaska. Huko nako, mwaka 1975, serikali ya Ratsiraka ikadai kodi ya mamilioni ya dola, kikafungwa. Mara mbili mgeni kaondoka na sikio lake, mwenyeji kabaki na uwanja.

Utasema: wakati ule wangefundisha nani? Wacha bwana! Pale Tudor, Mombasa hii hii, chuo cha ufundi cha MIOME kilianza kusomesha vijana mwaka 1951, na Sultani wa Zanzibar alikuwa mmoja wa waliokichangia. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Vijana wa umeme walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kudai wawekwe mbele ya mitambo.

Mkataba mpya wa Kenya na Italia kuhusu Malindi, uliotiwa saini 2016, una vipengele vya mafunzo na vya sisi kupata data. Vizuri. Lakini kipengele ni maandishi tu mpaka mtu akifuatilie. Kila anayekuja kuomba kiwanja cha antena pwani hii aambiwe mambo matatu: watu wetu wakae kwenye zamu, si getini tu, nakala ya data ibaki kwenye seva zetu, na wanafunzi wetu wafundishwe programu inayoisoma. Akikataa, kuna upepo mzuri, tanga lake alijue mwenyewe.

Na wewe kijana, usingojee serikali. Kidude cha USB cha kupokea redio na antena ya waya vinatosha kukusikilizisha Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita juu ya Mombasa; wanaanga wanapotumia redio yao ya ridhaa husikika kwenye 145.800 MHz. Utakuwa na dakika zisizozidi kumi, kisha kimya, kama walivyokuwa watu wa Tunguu. Mimi navifunga juu ya dari yangu Jumamosi hii. Njoo na laptopu yako. Na mzee naye tutamwekea kiti.