Unafuu wa Pikipiki Kuukuu Hulipwa na Nani?



Katika parokia nyingi za vijijini pikipiki imekuwa miguu ya pili ya binadamu. Hubeba mgonjwa kwenda zahanati, hubeba gunia la mahindi kwenda mnadani, humfikisha katekista kwenye kigango ambacho padri hukitembelea mara moja kwa mwezi. Lakini pikipiki mpya haimo katika uwezo wa kila nyumba. Ndiyo maana wengi wetu huitafuta ile kuukuu iliyotelekezwa nyuma ya nyumba, tairi zimekaa chini na kuku hutaga juu ya kiti chake, tukainunua kwa fedha kidogo na kuitengeneza.

Jambo hilo lenyewe ni jema. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliulaumu utamaduni wa kutupa vitu, na akaonyesha jinsi utamaduni huo unavyofika hadi kuwatupa watu. Anayekirudishia uhai chombo kilichoachwa kioze anafanya kinyume cha utamaduni huo. Hata hivyo, tunapenda kuwaalika tutafakari swali moja ambalo mara nyingi tunalikwepa: huo unafuu tunaojivunia unalipwa na nani? Kwa maana kitu chenye thamani kikiuzwa kwa bei ya chini mno, tofauti haipotei hewani. Yupo mtu anayeilipa.

Kosa letu wenyewe

Hatuandiki haya tukiwa watu wasio na doa. Mwaka jana tulihitaji chombo cha katekista wa kigango cha mbali. Tulisikia kwamba mjane mmoja anauza pikipiki ya marehemu mumewe, Honda CG125 ya zamani, iliyokuwa imesimama bandani kwa miaka sita. Tukaenda tukiwa watatu, pamoja na fundi.

Pikipiki ya aina hiyo si ya kudharauliwa. Honda waliitoa mwaka 1976 wakizifikiria nchi ambako mwenye chombo hupakia mizigo mizito, hupita njia mbovu na hukawia kubadilisha mafuta. Vali zake husukumwa na vijiti vya chuma badala ya mnyororo mdogo wa ndani ya injini, na cheni ya gurudumu hufunikwa ili vumbi lisiile. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, na ndiyo sababu hata leo spea nyingi zinazoifaa hupatikana katika maduka yetu.

Fundi alikanyaga kiki kwa mguu, akahisi kwamba injini bado ina pumzi nzuri. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akaona mafuta ni meusi lakini hayakuingiwa na maji. Akatukonyeza. Sisi tulimwelewa vizuri sana. Lakini mbele ya mjane tulitikisa kichwa na kusema: injini imekufa, tangi limeoza, hapa tunanunua chuma chakavu. Yeye alitaja shilingi 450,000. Tulijua kwamba mtoto wake ameitwa kidato cha kwanza na kwamba hana godoro wala sare. Tulijua, na kwa sababu tulijua, hatukuharakisha. Tukampa shilingi 200,000, naye akazipokea.

Kitabu cha Mithali (20:14) kinamchora mnunuzi wa namna hiyo: mbele ya muuzaji hukitia kitu ila, kisha akienda zake hujisifu kwa alichopata. Njiani tulijisifu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Twaweza kuongeza kwamba mnyonge naye hulazimika kukitembeza kizuri chake kana kwamba ni kibaya.

Tulipoleta jambo hili katika kikao cha kamati, mzee mmoja alitujibu kwamba biashara ni maelewano, na mama yule alikubali mwenyewe. Hoja hii husikika mara nyingi, nayo inastahili jibu. Papa Leo XIII alikwisha kuijibu mwaka 1891 katika Rerum Novarum alipoandika juu ya ujira. Alifundisha kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa kubanwa na shida, au kwa kuogopa baya zaidi, ametendewa kwa nguvu na kudhulumiwa, hata kama amekubali kwa kinywa chake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2409) nayo inahesabu miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Kama kupandisha kwa njia hiyo ni dhambi, kushusha kwa njia iyo hiyo hakuwezi kuwa fadhila. Na namba 2412 inatukumbusha kwamba toba ya dhuluma haikamiliki bila kurudisha, kama Zakayo alivyofanya.

Tulirudi tukamwongezea mjane shilingi 200,000. Hakushangilia. Alisema tu kwamba godoro alikwisha kulichukua kwa jirani kwa mkopo, na sasa ataweza kulilipa.

Kadi ya marehemu

Kosa la pili lilikuwa karibu kutupita. Kadi ya pikipiki ilikuwa bado na jina la marehemu. Wengi huichukua kadi kama ilivyo, wakaiweka mfukoni, na miaka ikapita. Siku pikipiki hiyo inapomgonga mtu au kutumika katika uhalifu, njia ya kwanza ya upelelezi hufika kwenye mlango wa mjane.

Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na baada ya hapo umiliki hubadilishwa katika ofisi ya mapato. Safari hizo huchosha, lakini zina faida nyingine kubwa: zinazuia ndugu wa marehemu kuuza kwa siri mali ya mjane na yatima. Mnunuzi asiyeuliza habari za mirathi anaweza kuwa mshiriki wa unyang'anyi bila kujua. Na asiyetaka kujua hana udhuru wa kutojua. Kabla ya kutoa fedha, tusome namba ya fremu na namba ya injini, tuzilinganishe na kadi. Namba iliyokwanguliwa ni ushahidi kwamba kuna mtu mahali fulani analilia chombo chake.

Mikono ya fundi

Kazi ya kuirudishia uhai pikipiki hiyo ilichukua siku nne. Petroli ya zamani ilikuwa imekauka na kuziba vijitundu vya kabureta. Tangi lilijaa kutu, fundi akalitikisa kwa kokoto na siki hadi maji yakatoka safi. Betri ilikufa, tairi zilipasuka kwa jua, viatu vya breki vilikwisha. Injini yenyewe ilihitaji mafuta mapya, plagi mpya na kurekebishwa vali, basi.

Siku ya nne ilipofika, sauti moja katika kamati ilisema kwamba kijana yule ni Mkatoliki, na kwa kuwa pikipiki ni ya Kanisa, apewe soda na ahadi ya sala. Tunakiri kwa huzuni kwamba sauti kama hiyo si ngeni katika parokia zetu. Fundi seremala, mwashi, mshonaji wa mavazi ya ibada, wote wamewahi kuambiwa kwamba malipo yao yako mbinguni. Lakini Torati (Kumb 24:14-15) inaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, wala haitaji nafuu kwa mwajiri anayefanya kazi ya hekalu. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba ujira wa haki ndio kipimo cha kupimia haki ya mfumo mzima wa uchumi. Basi kipimo hicho kianze kwetu. Anayetaka kujitolea ajitolee kwa hiari yake, baada ya kulipwa.

Fundi huyo huyo alituambia kwamba taa ya mbele na kabureta nyingine vingepatikana jioni kwa theluthi ya bei ya dukani, bila maswali. Tulikataa, naye hakutusukuma. Spea za usiku hutoka kwenye pikipiki ya kijana mwingine, ambaye asubuhi ataamka hana kazi. Mwizi asiye na mnunuzi hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwizi mwenye mnunuzi hurudi barabarani. Tukilipa nusu ya ujira na kisha kumtuma fundi atafute spea rahisi, sisi ndio tuliomwonyesha njia.

Ukingo wa dari

Kuna mtu mwingine anayeweza kulipa unafuu wetu: abiria. Baada ya kuona injini inanguruma, kishawishi ni kusema, "Inatembea, yatosha, breki tutaweka mwezi ujao." Kumbukumbu la Torati (22:8) lamtaka ajengaye nyumba mpya atie ukingo kwenye dari, ili asijiletee hatia ya damu mtu akianguka. Breki, tairi zenye meno, taa na kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria, ndizo ukingo wa dari yetu. Vinunuliwe kabla ya rangi na kabla ya redio. Asiyeweza kuvinunua hajamaliza kuitengeneza pikipiki, hata kama inakwenda.

Tusimsahau fundi hata hapa. Viatu vya breki vya zamani viliweza kutengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji. Na mafuta machafu yasimwagwe mtaroni, maana mtaro huishia kisimani kwa jirani.

Hesabu ya Jumapili

Tumalizie na jambo linalogusa nyumba nyingi zaidi. Wengi wanaonunua pikipiki kuukuu na kuitengeneza hawaiendeshi wenyewe. Humkabidhi kijana kwa mkataba: alete hesabu kila siku, na baada ya muda waliopatana chombo kiwe chake. Mpango huu umewapa vijana wengi kazi, na hatuupingi. Tunapinga namna unavyotumiwa.

Mara nyingi mkataba ni wa mdomo. Pikipiki kuukuu huharibika, na siku inapolala gereji hesabu huendelea kudaiwa. Gharama za matengenezo humwangukia kijana, ingawa chombo bado ni cha mwenye mali. Mwezi wa mwisho ukikaribia, hutafutwa kosa, chombo kikachukuliwa, kijana mwingine akaanza upya. Torati (Kumb 24:6) ilikataza kulitwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kutwaa uhai wa mtu. Jiwe la kusagia la kijana wa leo lina magurudumu mawili.

Tena, tunawaona wamiliki wakikaa viti vya mbele siku ya Bwana, na saa ile ile vijana wao wako barabarani, kwa kuwa hesabu ya Jumapili ni sawa na ya Jumatatu. Tunawauliza kwa upendo: ni nani aliyewazuia vijana hao wasije Misa? Tusiwalaumu katika vikao vya walei kwamba vijana wamelikimbia Kanisa kabla hatujatazama daftari la hesabu.

Tunapendekeza basi, kwa kila mwamini mwenye pikipiki ya mkataba: mkataba uandikwe na usainiwe mbele ya mashahidi, kila malipo yawe na stakabadhi, siku za gereji zisihesabiwe, matengenezo makubwa yawe juu ya mwenye chombo, na Jumapili isiwe na hesabu. Kamati ya Haki na Amani ya parokia iko tayari kuwa shahidi na kusuluhisha bila malipo.

Pikipiki ya katekista inafanya kazi hadi leo. Kwa jumla ilitugharimu zaidi ya tulivyokusudia, kwa sababu tulilipa sehemu iliyokuwa ilipwe na mjane, na fundi, na abiria. Hiyo ndiyo bei yake halisi.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yupo mjane au yatima aliyeuza mali kwa bei ya shida? Nani alinunua, na tufanye nini?

2. Je, parokia au jumuiya yetu inadaiwa na fundi yeyote? Deni hilo litalipwa lini?

3. Wenye pikipiki za mkataba miongoni mwetu wanawatendeaje vijana wao siku za gereji na siku ya Bwana?