Mvutano wa JSS wamsahau mtoto wa miaka 12

Kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi (CBC) lilipojiunga na Gredi ya 10 Januari 2026, huenda wengi walidhani kuwa mjadala kuhusu makao ya shule za sekondari msingi (JSS) umefika tamati. La hasha!

Ikumbukwe kuwa jopokazi la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu ndilo lililopendekeza mwaka wa 2022 kwamba Gredi za 7, 8 na 9 ziwe katika shule za msingi. Wazazi walikuwa wamehofia kuwapeleka watoto wa miaka 12 kulala bweni moja na vijana wa miaka 18. Hofu hiyo ilikuwa na mashiko.

Hata hivyo, tangu wakati huo mvutano umehusu zaidi mamlaka: iwapo walimu wa JSS wajisimamie au wabaki chini ya walimu wakuu wa shule za msingi. Hayo ni ya watu wazima. Mtoto mwenyewe hatajwi.

Kufikia miaka sita, ubongo wa mtoto huwa umekaribia ukubwa wa ule wa mtu mzima. Kuanzia kubalehe, ubongo huo hupangika upya. Sehemu inayosaka raha na sifa za marika huchangamka mapema, ilhali ile ya mbele, inayopima matokeo ya tendo, hukomaa baada ya miaka 20. Ndiyo maana mvulana wa Gredi ya 8 aweza kukokotoa aljebra vyema asubuhi, kisha jioni akaruka ua wa shule kwa sababu tu wenzake wanamtazama. Si ukaidi, au tuseme si ukaidi mtupu.

Wasichana nao kwa kawaida huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, mapema kuliko wavulana. Katika dawati moja la Gredi ya 7 utampata msichana mwenye umbo la mwanamke kando ya mvulana ambaye sauti yake haijavunjika. Nje, wanapanga foleni na watoto wa chekechea.

Watoto hawa wanahitaji choo chenye mlango na maji, na mwalimu wa ushauri nasaha aliye na muda wa kuwasikiliza. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka wa 2017 ili kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo. Wizara ya Elimu yapasa kuanzia hapo, kabla ya kuamua ni nani atakayeshika muhuri wa shule.