Tofali Gumu, Hoja Laini

Mwandishi anayedai majivu ya makaa ya mawe yakishafungwa kwa saruji hayana neno hata baharini, ameishia kwenye ugumu wa tofali. Sisi wa kijiji cha Makwasinyi tuko mbali na bahari, lakini samaki wake hufika mjini Voi, karibu nasi.

Majivu hayo yana kadimi, metali yenye sumu, na saruji huishika kwa ualikali wake, pH 12 hivi. Bahari ni kama 8. Magnesi ya maji ya bahari huchukua nafasi ya kalisi ya saruji, salfeti huipasua, kloridi huivuta kadimi nje. Kipimo cha siku chache katika maji baridi hakisemi lolote kuhusu miongo ya mawimbi.

Matofali ya majivu yaliyozamishwa baharini New York kwa majaribio yalidumu, ndiyo. Yalifuatiliwa na watafiti. Hapa kwetu, leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, ilifutwa Juni 2019. Ingesalia, nani angepiga mbizi huko kila mwaka kupima kadimi katika chaza?