Chumvi ya Jikoni na Mkia wa Kiluwiluwi

Mtoto aendaye kisimani wakati wa mvua huwaona viluwiluwi wakiogelea, wenye mikia mfano wa samaki. Majuma kadhaa yapitapo, miguu huchipuka, mkia hunywea, matamvua hutoweka, utumbo hufupika, na kiumbe yule hupanda nchi kavu akiwa chura kamili. Ni nani atoaye amri ya mageuzi hayo?

Jawabu lilianza kupatikana mwaka 1912, mtaalamu Gudernatsch alipowalisha viluwiluwi tezi ya thairoidi ya farasi, ile tezi ikaayo mbele ya koo. Viluwiluwi hao waligeuka vyura kabla ya wakati wao, tena wadogo mno. Miaka michache baadaye, Bennet Allen wa Marekani aliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo. Hao walizidi kukua, lakini vyura hawakuwa.

Tezi hiyo hutoa homoni, nayo husafiri katika damu hadi kila pembe ya mwili. Ajabu ni kwamba homoni ile ile huufanya mguu ukue na mkia ufe. Siri imo katika protini maalumu zilizomo ndani ya chembe hai. Protini hizo huipokea homoni, kisha huamsha maagizo ya urithi yaipasayo chembe hiyo. Ni kama tarumbeta ya kambini: sauti ni moja, lakini mpishi huenda jikoni na mlinzi huenda langoni.

Binadamu hana mkia wa kupoteza, bali homoni hiyo hiyo huongoza ujenzi wa ubongo wa mtoto tumboni. Katika miezi mitatu ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama yake, kwa kuwa tezi yake mwenyewe haijakomaa. Mama naye hawezi kuitengeneza pasipo madini ya iodini, ambayo udongo wa milimani mara nyingi umepungukiwa kwa kuoshwa na mvua. Upungufu mkubwa huleta rovu, huharibu mimba, na huweza kumzalia mama mtoto mzito wa akili au kiziwi. Madhara hayo ya ubongo hayaponyeki.

Kinga yake ni rahisi. Mama mjamzito ahitaji mikrogramu 250 tu za iodini kwa siku. Inunuliwe chumvi iliyoandikwa kuwa ina iodini, ihifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua na moto, na itiwe chunguni chakula kikaribiapo kuiva. Si lazima kuizidisha. Kiasi cha kawaida chatosha.

Askari aliye lindoni mbali na mkewe mjamzito na amkumbushe jambo hili katika salamu zake za kwanza, kwani ubongo wa mtoto haumngojei baba arudi likizo.