Sikio Si Kadhi wa Majina

Mwanangu alipojaliwa mtoto wa kiume hapa Sumbawanga, mama yangu aliomba kitukuu chake kiitwe Kapufi. Vijana wa nyumbani wakacheka. Eti jina hilo ni zito, lanuka moshi, na mtoto akifika Dar es Salaam atakuwa kichekesho. Wakaleta majina yao “laini”, wakiyapima moja moja kwa utamu wake tu. Hakuna aliyekumbuka kwamba Kapufi lilikuwa jina la mtawala wa Nkansi katika karne ya 19.

Hoja yangu ni hii: sikio si kadhi wa kuaminika. Sikio hufunzwa, na aliyelifunza hulirithisha dharau zake.

Ushahidi ni mji wetu wenyewe. Wenyeji wengi hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni amri: tupa uchawi. Lakini litajeni jina hilo kwenye baraza lolote la pwani, muone kama mzaha wa kwanza hautakuwa wa wachawi! Jina linalokataza uchawi limegeuzwa kuwa alama ya uchawi. Kusikia kumemeza maana.

Wako watakaojificha nyuma ya altare, maana Ufipa ni nchi ya Wakatoliki tangu enzi za Mapadre Weupe. Kimbilio hilo halipo. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilitaka jina la Kikristo. Hata hivyo wazazi wakishikilia lao, paroko aliongeza la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Sheria ya 1983, kanuni ya 855, yakataza tu jina lililo kinyume cha hisia za Kikristo. Je, Kapufi lina kosa gani? Si ubatizo unaolizuia. Ni haya zetu.

Nanyi ndugu zangu wa visiwani, msitucheke. Makame, Pandu, Shaame, Kombo: hamjapata kusikia majina haya yakiitwa ya kishamba, tena na wajukuu wa akina Makame wenyewe?

Sisemi Deogratias ni jina baya, wala Abdallah. Mimi mwenyewe nimebatizwa kwa jina la mtakatifu na ninalipenda. Nasema, anayechagua jina kwa kuogopa kicheko hajachagua. Amechaguliwa na wachekaji.

Mjukuu wangu ameandikwa Kapufi. Wachekao na wacheke. Yeye tutamfundisha jina lake lilikotoka, kabla hajakutana nao.